Kijana wa Chartres na Parokia Yake

Masomo ya kutafakari: Marko 7:31-37, Warumi 2:14-15, Warumi 10:14-17



Wapendwa katika Kristo, katika taarifa za mwaka 1703 za Akademia ya Sayansi ya Ufaransa imo habari ya kijana mmoja wa mji wa Chartres. Alikuwa mtoto wa fundi, mwenye umri wa miaka 23 au 24, kiziwi tangu kuzaliwa, na hakuwahi kutamka neno. Ghafla alianza kusema, na mji mzima ukashangaa. Alipohojiwa alieleza kwamba miezi mitatu au minne nyuma alisikia kengele zikilia, akashtuka, kwa maana hakuwahi kusikia kitu cho chote. Baadaye maji yakamtoka sikio la kushoto, na masikio yote mawili yakafunguka. Kwa miezi hiyo alinyamaza. Alikuwa akisikiliza watu wakizungumza na kuyarudia maneno yao taratibu akiwa peke yake, mpaka alipoona sasa anaweza kusema mbele za watu.

Wanateolojia hawakuchelewa kumwendea. Walikuwa na hamu ya kujua mambo makubwa. Kabla ya kusikia, je, alijua kwamba Mungu yupo? Alijua kwamba ana roho? Aliwahi kupima moyoni mwake lipi jema na lipi baya? Ilionekana kwamba fikra zake hazikuwahi kufika huko. Alizaliwa na wazazi Wakatoliki. Alikwenda Misa. Alionyeshwa namna ya kufanya ishara ya msalaba na kupiga magoti kama mtu anayesali. Lakini hakuwahi kutia nia yo yote katika matendo hayo, wala hakuelewa wenzake walitia nia gani. Hata kifo hakujua sawasawa ni kitu gani.

Habari hiyo ilisomwa sana. Mwaka 1746 mwanafalsafa Condillac aliirudia katika kitabu chake kuhusu asili ya maarifa ya binadamu, na wengi waliiona kuwa ushahidi kwamba mtu hazaliwi akijua lo lote, hata habari za Mungu. Mimi kama mchungaji wa roho naisoma kwa uchungu mwingine. Taarifa inatueleza wanateolojia walimuuliza nini yule kijana. Haitupi habari ya mtu aliyekwenda kuwauliza waumini wa parokia yake: kwa miaka hiyo zaidi ya ishirini aliyopiga magoti katikati yenu, nani kati yenu alikaa naye akatafuta njia ya kumweleza?

Swali hilo la pili ndilo ninalotaka tulitafakari juma hili, kwa sababu naamini linafungua lile la kwanza.

Mabishano ya kale

Watu wamebishana kwa karne nyingi kama maarifa tunazaliwa nayo au tunayapata kwa kuishi. Plato, miaka karibu mia nne kabla ya Kristo, alimwandika Sokrate akizungumza na kijana mtumwa asiyewahi kufundishwa jometri. Kwa kumuuliza maswali tu, Sokrate akamfikisha mahali pa kuona mwenyewe jinsi ya kuchora mraba wenye eneo mara mbili ya mraba wa kwanza. Kwa Plato hiyo ilikuwa dalili kwamba elimu imo rohoni tangu mwanzo, na kujifunza ni kukumbuka. John Locke wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1690 juu ya akili ya binadamu, alikataa kabisa. Kwake akili ya mtoto ni karatasi isiyoandikwa kitu, na maandishi yote huletwa na uzoefu.

Mtume Paulo hakuandika falsafa, lakini katika barua moja, ile kwa Warumi, amegusa pande zote mbili. Katika sura ya 2 anasema kwamba mataifa wasio na Torati ya Musa huonyesha, wanapotenda mema kwa asili yao, kwamba matakwa ya Torati yameandikwa mioyoni mwao, na dhamiri zao hushuhudia hivyo. Ndani ya mtu basi kuna kitu ambacho hakuna mwalimu aliyekiweka. Katika sura ya 10, Paulo huyohuyo anauliza watu watamwamini vipi Kristo ikiwa hakuna aliyetumwa kwenda kuwahubiria, na anahitimisha kwamba imani huja kwa kusikia. Kuna jambo basi ambalo hakuna anayezaliwa nalo, na mtu akikosa wa kumletea, amelikosa.

Paulo hakuona haja ya kuchagua upande. Mungu aliyeandika mioyoni ndiye anayetuma wahubiri. Ameweka ndani ya kila mtu mwanga wa kujua, na ameamua mwanga huo uamshwe na mwenzake. Ndiyo maana mtu anapokuwa hajui, tusiharakishe kumpima akili. Tuanze kwa kuuliza nani alipaswa kumfikia akakaa.

Bwana alianza kwa mikono

Turudi kwenye Injili ya Marko. Yesu yuko katika nchi ya Dekapoli, nchi ya watu wa mataifa. Watu wanamletea kiziwi mwenye kusema kwa shida, wanamsihi amwekee mkono. Tazameni anavyofanya. Anamtoa kwanza katika umati, wakabaki wawili. Anatia vidole vyake masikioni mwake. Anatema mate na kumgusa ulimi. Anainua macho mbinguni, anaugua. Baada ya hayo yote ndipo anatamka: Efatha, yaani funguka.

Nani alihitaji vidole na mate? Bwana angeweza kutamka neno moja tu, kama alivyomponya mtumishi wa akida akiwa mbali. Lakini huyu hawezi kusikia neno. Kwa hiyo Yesu anasema naye kwa kugusa na kwa kutazama: nimeona ni masikio, nimeona ni ulimi, na msaada unatoka kule juu. Kabla masikio hayajafunguka, mazungumzo yalikwisha kuanza. Mtu yule alifikiwa na Injili akiwa bado kiziwi.

Hapa ndipo tulipokosea mara nyingi katika historia yetu. Neno la Paulo kwamba imani huja kwa kusikia lilitumiwa kumfungia kiziwi mlango, kana kwamba Mungu hana njia nyingine isipokuwa sikio. Mtakatifu Augustino mwenyewe, akiandika dhidi ya Juliano wa Eklano, aliutaja uziwi wa kuzaliwa kuwa kizuizi cha imani. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, mnamo mwaka 389, Augustino aliandika kitabu kidogo kiitwacho De Magistro, yaani Juu ya Mwalimu, mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodato. Humo anamuuliza kijana wake kama hajawahi kuona watu wakizungumza na viziwi kwa ishara, na viziwi wenyewe wakiuliza, wakijibu, wakifundisha na kueleza karibu yote wanayotaka. Alikuwa ameliona kwa macho yake. Na fundisho kuu la kitabu hicho ni kwamba maneno ya mwalimu peke yake hayamfundishi mtu. Humwelekeza tu, na anayemwangazia ndani aone kwamba jambo ni kweli ni Kristo, Mwalimu wa ndani.

Zaidi ya miaka mia nane baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua swali hilohilo huko Paris. Hakukubali kwamba elimu imo ndani yetu tayari, imekamilika. Hakukubali pia kwamba yote hutoka nje. Alisema ndani yetu zimo mbegu za elimu, na akamlinganisha mwalimu na mganga. Mganga hampi mgonjwa uhai. Uhai umo ndani ya mgonjwa, na mganga huusaidia ufanye kazi yake. Vivyo hivyo mwalimu huisaidia akili ya mwanafunzi, ambayo Mungu ameiumba iweze kujua. Lakini tusisahau kwamba mgonjwa mwenye uhai wote huo anaweza kufa asipopata wa kumhudumia.

Watoto wa Managua

Karibu na nyakati zetu limetokea jambo linalotuonyesha haya waziwazi. Nchini Nikaragua, hadi miaka ya 1970, viziwi wengi waliishi kila mmoja nyumbani kwao, mbali na viziwi wenzao, wakitumia ishara chache zilizoeleweka na mama au ndugu tu. Mwaka 1977 ikafunguliwa shule katika mji mkuu, Managua, na mwaka 1980 kikaongezwa chuo cha ufundi. Kwa mara ya kwanza mamia ya watoto na vijana viziwi wakawa pamoja. Walimu walijaribu kuwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo, na mafanikio yakawa madogo. Lakini uwanjani na ndani ya basi la shule, watoto walianza kuunganisha ishara zao za nyumbani. Wadogo waliofuata walizipokea kwa wakubwa, wakazipanga, wakazipa kanuni, hadi ikawa lugha kamili yenye sarufi yake. Wataalamu wa isimu, akiwamo Judy Kegl aliyefika huko mwaka 1986, waliishuhudia ikikua.

Hakuna mtu mzima aliyewafundisha watoto wale lugha hiyo. Waliitoa wapi? Ndani yao kulikuwa na kitu alichokiweka Muumba, kilichokuwa tayari kupanga, kutaja na kuuliza. Lakini kwa miaka yote waliyokaa kila mmoja kwao, kitu hicho hakikuweza kuzaa lugha. Kilihitaji wenzake.

Watafiti waliona jambo jingine pia. Wanafunzi wa mwanzo, ambao ishara zao zilikuwa na upungufu wa maneno kama kujua na kudhani, walipata shida katika majaribio ya kutambua kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo la kweli. Miaka kadhaa baadaye, walipokuwa wamejifunza ishara hizo kwa wadogo zao, wakiwa tayari watu wazima, uelewa wao uliongezeka. Hawakuwa na akili pungufu. Walichokosa ni watu wa kuzungumza nao juu ya mambo ya moyoni, na walipowapata, mlango ukafunguka hata ukubwani.

Sasa mnaweza kuona kwa nini siwezi kukubali kwamba kijana wa Chartres alikuwa mtupu. Mtu aliyeweza kukaa miezi akijifundisha lugha kwa siri, bila mwalimu, hakuwa mtupu hata kidogo. Alikuwa na utajiri ambao majirani zake hawakuutafutia ufunguo.

Na ufunguo ulikuwepo. Katika Ufaransa hiyohiyo, miaka kama sitini baadaye, padre Charles-Michel de l'Épée alikutana jijini Paris na mabinti wawili mapacha, viziwi. Padre aliyekuwa akiwafundisha kwa kutumia picha alikuwa amefariki. De l'Épée aliingiwa na huruma kwamba mabinti wale wangeishi na kufa bila kuijua dini yao, akaamua kuendelea na kazi ile. Alitazama namna viziwi wanavyozungumza wao kwa wao, akajifunza ishara zao, akafundisha kwa njia ya macho yale ambayo wengine huyapokea kwa masikio. Shule aliyoianza nyumbani kwake mnamo mwaka 1760 ipo mpaka leo. Kwetu pia, shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 kwa juhudi za Kanisa Katoliki, na mwaka 1974 ikafuata ile ya Buguruni, Dar es Salaam. Kila darasa la namna hiyo ni mwendelezo wa kile alichokifanya Bwana pale Dekapoli.

Wanaosikia nao

Ndugu zangu, msidhani habari hii inawahusu viziwi peke yao. Kuna wanaosikia vizuri, wanaokaa nasi kanisani kila Dominika, na hali yao haiko mbali na ile ya kijana wa Chartres.

Kila mwaka, kabla ya Komunyo ya Kwanza, watoto huja mbele ya padre kuulizwa. Mtoto anasimama wima, mikono nyuma, macho juu darini, na jibu la katekisimu linamtoka mbio, herufi haikosi. Ukimkatiza katikati, inabidi aanze mwanzo tena. Ukimuuliza kwa upole, mwanangu, wewe huwa unamwambia Yesu nini ukiwa peke yako, ananyamaza na kumtazama katekista. Simlaumu mtoto. Amefanya alichoambiwa. Ishara ya msalaba anaijua, magoti anayapiga, na kukariri si dhambi, kwa maana maneno yaliyohifadhiwa moyoni hutusaidia siku nyingine. Lakini kama hakuna aliyekaa naye jioni akamweleza kwa nini mama anasali, kwa nini tunamwombea marehemu babu, kwa nini baba aliomba msamaha, basi amepewa umbo la imani, na maana yake bado inamsubiri mtu.

Vivyo hivyo na dhamiri. Wapakulie watoto wawili wali sahani moja moja, mmoja mpe vipande viwili vya nyama, mwenzake kimoja. Hata yule ambaye hajaanza shule atauliza: mbona mimi kimoja? Uchungu wa kuonewa hakufundishwa na mtu. Hiyo ndiyo sheria anayoisema Paulo, imeandikwa ndani. Lakini mtoto huyohuyo, ili autambue uchungu huo kwa mwenzake, tena mwenzake asiye ndugu yake, asiye wa kabila lake, anahitaji kulelewa. Na malezi yanaweza kumpotosha. Nimeona wanaume wanaosali, wanaochangia ujenzi wa kanisa, wakikaa kikao baada ya matanga na kugawana shamba na ng'ombe wa marehemu huku mjane na watoto wakikaa jikoni. Ukiwauliza, wanajibu kwa utulivu kwamba ni mila, ndivyo walivyofanya wazee. Utulivu huo ndio unaotisha. Dhamiri iliyotiwa na Mungu imefundishwa kunyamaza na miaka ya kuona jambo baya likifanyika kama la kawaida.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Furaha na Matumaini ya mwaka 1965, namba 16, unafundisha mambo haya mawili pamoja. Ndani kabisa ya dhamiri yake mtu hugundua sheria ambayo hakujiwekea mwenyewe. Na dhamiri hiyo inaweza kukosea kwa kutojua, au hata kupofuka kidogo kidogo kwa mazoea ya dhambi. Kwa hiyo anayesema "dhamiri yangu hainisuti" hajamaliza kazi. Abakize swali moja: dhamiri yangu imelelewa na nani, na kwa kuona nini?

Na asiwepo anayeona aibu kujifunza. Mwinjili Luka anatuambia katika sura ya 2 kwamba Yesu mwenyewe aliendelea kukua katika hekima, akiwa chini ya malezi ya Maria na Yosefu kule Nazareti. Mwana wa Mungu alikubali kufundishwa kuongea, kusali na kufanya kazi. Kama yeye alipitia njia hiyo, hakuna mzee wa kanisa, msomi wala padre aliye mkubwa kuliko kufundishwa. Na hakuna mama asiyejua kusoma aliye mdogo kiasi cha kukosa la kufundisha.

Ya kufanya juma hili

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tuulizane kwa majina: katika nyumba za jumuiya yetu, kuna mtoto au mtu mzima kiziwi? Kama yupo, anakuja kwenye sala? Akija, nani humweleza? Wapo wazazi wanaomficha mtoto ndani kwa aibu, au wanaomwona hana faida ya kupelekwa shule. Twende tukawatembelee bila kuwahukumu, tuwasaidie kupata shule. Kila mwaka ambao mtoto anakaa bila lugha ni hasara kubwa kwake. Vijana wa parokia wenye nafasi wajifunze Lugha ya Alama ya Tanzania, ili siku moja Misa yetu iwe na mkalimani, na Sakramenti ya Kitubio iwe na padre anayeelewa.

Makatekista wapendwa, kazi yenu ni kubwa na malipo yake ni madogo, na Kanisa linawadai shukrani. Nawaomba jambo moja: katika kila kipindi, baada ya jibu la kukariri, wapeni watoto nafasi ya kuuliza swali lao wenyewe. Msiogope maswali magumu. Mtoto anayeuliza ameanza kuamka.

Wazazi, msituachie sisi kila kitu. Saa moja ya mafundisho kwa juma haiwezi kushindana na yale ambayo mtoto anayaona nyumbani siku zote saba. Mwelezeni mnachokiamini mkiwa shambani, njiani, mkichambua mchele. Mtoto wenu hakuzaliwa mtupu. Amekuja na kiu ya Mungu ambaye yeye bado hajui jina lake, na ninyi ndio wa kwanza kutumwa kumtajia.

Na kila mmoja wetu achague jambo moja analolifanya kwa sababu ndivyo alivyokuta, alilete mbele ya Bwana kwa ukweli, aulize kama linapatana na sheria aliyoiandika moyoni mwetu.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Mwalimu wa ndani, umetia mwanga wako katika kila mtu ajaye ulimwenguni. Utusamehe kwa wale tuliowaacha wakae katikati yetu bila kuambiwa. Fungua masikio yetu tuwasikie wasio na sauti, fungua vinywa vyetu tuwafundishe watoto wetu, na uilee upya dhamiri yetu pale ilipozoea mabaya. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.